Homoni zina nafasi gani katika magonjwa ya damu yanayotokana na kinga kuushambulia mwili?

Swali la Subira_N

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimebainika kuwa na ITP, ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia chembe sahani, yaani zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Vipimo vyangu vimekuwa vikipanda na kushuka kati ya 22,000 na 60,000 kwa kila mikrolita ya damu, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Hedhi yangu imekuwa nzito kuliko zamani, nami nimeanza kutumia vidonge vya madini ya chuma kwa sababu ya upungufu wa damu.

Kinachonitatiza ni hiki. Kila ninaposoma kuhusu magonjwa ya aina hii, naambiwa kwamba huwapata wanawake zaidi kwa sababu ya estrojeni. Wakati huohuo daktari wangu wa damu alinianzishia prednisoloni, ambayo nasikia nayo ni homoni. Sasa anazungumzia danazoli, ambayo inasemekana ni ya jamii ya homoni za kiume. Na daktari wa magonjwa ya wanawake ananishauri nimeze vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi ipungue. Inakuwaje homoni ziwe chanzo cha ugonjwa na papo hapo ziwe tiba yake? Je, niombe kupimwa viwango vya homoni zangu? Tena dada yangu wa tumbo moja ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi, na ningependa kujua kama kuna uhusiano wowote. Naomba mnieleze kwa kina, maana sitaki kumeza dawa nisiyoielewa.

Jibu la Mwanga_Mpya

Pole sana dada Subira. Mimi si mtaalamu, lakini nimemuuguza ndugu mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo mbalimbali vya mwili, na nimesoma mengi kwa ajili yake. Kwa maoni yangu chanzo ni estrojeni, kwa kuwa katika kila watu kumi wenye lupasi takribani tisa ni wanawake, na wengi wao hupatwa nayo katika umri wa kuzaa, wakati homoni hiyo iko juu. Ningekuwa wewe, ningepima estrojeni kwanza, kisha nikatafuta njia ya kuishusha kabla ya kukubali dawa nyingine yoyote.

Jibu la Dkt_Mshipa

Ndugu Mwanga, ulichosema kuhusu idadi ya wanawake wenye lupasi ni kweli, lakini hitimisho ulilolifikia linaweza kumpeleka dada Subira mahali pasipo na msaada, kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili polepole. Ninafanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya damu, na swali hili huulizwa mara kwa mara.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana: kinachoanzisha ugonjwa, na kinachoongeza au kupunguza makali yake. Homoni za uzazi ziko zaidi katika kundi la pili. Seli nyingi za kinga, zikiwemo seli B zinazozaa kingamwili, zina vipokezi vya estrojeni, na homoni hiyo husaidia seli B kuishi muda mrefu zaidi na kutoa kingamwili nyingi zaidi. Seli B inayolenga protini za mwili wenyewe ingepaswa kuondolewa mapema. Ikipata mazingira yanayorefusha uhai wake, ina nafasi kubwa zaidi ya kuponyoka na kuendelea na kazi yake ya uharibifu. Testosteroni huelekea upande wa pili, kwa kupunguza ishara zinazozitunza seli hizo. Hata hivyo, estrojeni haina tabia moja tu: athari yake hutegemea kiwango, aina ya kipokezi na aina ya seli, hata ikaweza kuchochea sehemu moja ya kinga huku ikituliza sehemu nyingine. Ndiyo maana wazo la kuishusha estrojeni kana kwamba ni sumu halina msingi wa kitabibu. Kuishusha kwa makusudi katika umri wa kuzaa kuna madhara ya hakika kwa mifupa na kwa uzazi, na faida yake kwa ITP haijathibitishwa.

Pili, tuangalie nani hupata ITP. Miongoni mwa watoto, wavulana na wasichana hupatwa karibu sawa. Miongoni mwa vijana na watu wa makamo, wanawake huwazidi wanaume. Baada ya umri wa miaka 60 tofauti hiyo hutoweka, na katika umri mkubwa zaidi wanaume hulingana na wanawake au huwazidi. Mpangilio huo unaonyesha kwamba homoni za uzazi zina mkono katika jambo hili, lakini unaonyesha pia kwamba ugonjwa huja hata pasipo estrojeni nyingi. Kuna sababu nyingine isiyo ya homoni: kromosomu X. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na ingawa moja huzimwa katika kila seli, baadhi ya jeni zake hukwepa kuzimwa, ikiwemo jeni ya TLR7 inayohusika na kuamsha kinga. Wanaume wenye hali ya Klinefelter, ambao wana kromosomu XXY, hupata lupasi mara nyingi zaidi kuliko wanaume wengine, ingawa testosteroni yao kwa kawaida iko chini na hilo nalo laweza kuchangia. Basi ni vigumu kuitwisha homoni moja lawama yote.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi, dada Subira, kwa sababu naamini mkanganyiko wako unatokana na neno moja kubeba vitu vingi mno. Homoni ni ujumbe wowote wa kikemikali unaotolewa na kiungo kimoja na kusafiri katika damu hadi kiungo kingine. Estrojeni ni homoni, kotisoli ni homoni, na homoni ya thairoidi ni homoni, lakini kazi zao hazifanani hata kidogo. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, inayotolewa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni, ndugu mwingine wa kotisoli, na matokeo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1950 yeye na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Katika ITP, dawa hizi huzizuia makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vitu, hasa zile zilizo katika wengu, zisizimeze chembe sahani zilizonatwa na kingamwili, na baadaye hupunguza utengenezaji wa kingamwili zenyewe. Katika upungufu wa damu unaotokana na kingamwili kuzivunja chembe nyekundu, hasa ile aina ya kingamwili za joto, yaani zinazofanya kazi katika joto la mwili, dawa hizi ndizo tiba ya kwanza kwa sababu hiyohiyo.

Kwa kuwa ni homoni, zina masharti ya homoni. Ukizimeza kwa wiki kadhaa, ubongo huona kotisoli imetosha na kuziambia tezi za adrenali zipumzike. Ukiziacha ghafla, mwili hubaki bila kotisoli ya kutosha, na hali hiyo yaweza kuhatarisha maisha. Kwa hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari. Upande wa pili wa shilingi ni kutozirefusha bila sababu: miongozo ya sasa inapendekeza matibabu ya prednisoloni kwa ITP yasizidi wiki 6 pamoja na muda wa kupunguza dozi, kwa kuwa sukari, shinikizo la damu, mifupa, macho na hisia za mgonjwa huumia. Mgonjwa anayekaa kwenye steroidi, yaani dawa hizi za jamii ya kotisoli, mwaka mzima kwa sababu tu chembe sahani hushuka kila zinapopunguzwa anastahili kubadilishiwa tiba, na ni haki yake kuliuliza hilo waziwazi.

Jibu la Hadubini

Nashukuru kwa maelezo ya daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na ningependa kuongeza homoni ambayo haikutajwa, ingawa kwa ITP naiona kuwa muhimu kuliko zote. Inaitwa trombopoietini. Hutengenezwa hasa na ini, na kazi yake ni kuusukuma uboho uzae chembe sahani. Wanasayansi walikuwa wakiitafuta kwa miongo mingi, na ilitambuliwa kikamilifu mwaka 1994.

Jambo la ajabu kuhusu homoni hii ni namna inavyodhibitiwa. Ini huitoa kwa kiwango kinachokaribia kuwa kilekile siku zote, na chembe sahani pamoja na seli mama zake za uboho ndizo huikamata na kuiondoa kwenye damu. Uboho ukifa, kama katika anemia ya aplastiki, hakuna wa kuikamata, hivyo hupanda sana. Lakini katika ITP seli mama zipo za kutosha, na chembe sahani zinaendelea kuzaliwa hata kama zinaharibiwa haraka; kwa hiyo trombopoietini huondolewa kama kawaida, na kiwango chake hubaki cha kawaida au hupanda kidogo tu. Mwili una uhaba wa chembe sahani lakini homoni yake haijui. Ugunduzi huo ndio uliozaa dawa za romiplostimu na eltrombopagi, ambazo huamsha kipokezi cha trombopoietini na kuongeza uzalishaji. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 2008.

Kabla yake kulikuwa na jaribio lililoishia vibaya, nami naona linafaa kukumbukwa katika mjadala huu. Katika miaka ya 1990 watafiti walitengeneza molekuli iliyofanana na sehemu ya trombopoietini ya asili. Baadhi ya watu waliodungwa walitengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na kwa kuwa ilifanana mno na homoni yao wenyewe, kingamwili hizo zikaishambulia homoni ya asili pia, wakapata upungufu wa chembe sahani ambao hawakuwa nao mwanzoni. Homoni yenyewe ikawa shabaha ya kinga. Romiplostimu iliundwa kwa makusudi isifanane na homoni ya asili, ili hilo lisijirudie.

Kwa kuwa dada Subira anatumia madini ya chuma, naomba azingatie hili: ikiwa siku moja ataandikiwa eltrombopagi, asiimeze pamoja na vidonge vya chuma, maziwa au dawa za kupunguza asidi zenye kalsiamu au magnesiamu, kwa maana madini hayo huinasa dawa tumboni isifyonzwe. Humezwa angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 4 baada yake. Nimeona majibu ya damu yakisomeka kana kwamba dawa imeshindwa, kumbe haikuwa ikiingia mwilini.

Kuhusu vipimo: kupima estrojeni hakutakusaidia, kwani hubadilika siku hadi siku ndani ya mzunguko mmoja wa hedhi, na tiba ya ITP haichaguliwi kwa kuangalia namba hiyo. Kipimo cha thairoidi ni habari nyingine. Magonjwa ya kinga ya tezi hiyo, Hashimoto na Graves, huonekana kwa wagonjwa wa ITP zaidi ya ilivyo kwa watu wengine, na hutembea katika familia moja na magonjwa mengine ya kinga. Isitoshe, homoni ya thairoidi ikizidi, chembe sahani huondolewa haraka zaidi kwenye damu, na wapo wagonjwa ambao hesabu yao huwa nzuri baada ya tezi kutibiwa. Kwa hiyo historia ya dada yako mweleze daktari, uombe kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi. Mweleze pia uko kwenye dozi gani ya steroidi siku ya kupima, kwa sababu dozi kubwa huweza kuishusha TSH na kupotosha tafsiri.

Jambo la mwisho kutoka maabara. Umesema hesabu yako hupanda na kushuka. Andika tarehe za vipimo kando ya tarehe za hedhi. Kuna hali adimu ambayo chembe sahani hushuka na kupanda kwa mdundo maalumu, wakati mwingine sambamba na mzunguko wa hedhi, nayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ITP ya kawaida. Hatari yake ni kwamba dawa yoyote iliyotolewa hesabu ikiwa chini itaonekana imefanya kazi, kumbe hesabu ingepanda yenyewe. Sisemi kwamba ndiyo uliyo nayo, lakini orodha ya tarehe haina gharama na huondoa shaka.

Jibu la Muuguzi_R

Dada Subira, mimi ni muuguzi, na pia nimeishi na ITP kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumzia danazoli na hedhi, ambayo kwangu ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote.

Danazoli ni dawa yenye tabia hafifu za homoni za kiume. Ilitumika kwanza kwa wanawake wenye endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, na mwaka 1983 watafiti wa Marekani wakaripoti kwamba huweza kupandisha chembe sahani kwa baadhi ya wagonjwa wa ITP. Inadhaniwa kwamba hupunguza vipokezi ambavyo makrofaji hutumia kuzinasa chembe zilizobeba kingamwili. Si dawa ya haraka: huchukua miezi kadhaa kuonyesha matokeo, hivyo haifai kutegemewa mtu anapotokwa na damu leo. Mara nyingi hupunguza au kusimamisha hedhi, na kwa mtu mwenye hedhi nzito hilo ni msaada. Lakini yaweza kuleta chunusi, vinyweleo usoni na sauti kuwa nzito, na mabadiliko ya sauti huenda yasirudi hata dawa ikiachwa. Ukisikia sauti inabadilika, usingoje tarehe ya kliniki. Ini hupimwa mara kwa mara. Haitumiwi kamwe katika ujauzito kwa sababu humdhuru mtoto wa kike tumboni, na kinga ya kuzuia mimba wakati wa kuitumia inapaswa kuwa ile isiyo ya homoni. Kwa sababu hiyo, danazoli na vidonge vya uzazi wa mpango havipaswi kuendeshwa pamoja. Nakuomba uhakikishe kwamba madaktari wako wawili wanajua kila mmoja ameandika nini, kwa maana nionavyo mimi, hapo ndipo hatari yako ya karibu ilipo.

Kuhusu vidonge vyenyewe, vipo vyenye estrojeni na projestojeni pamoja, na vipo vyenye projestojeni pekee. Hofu kuu ya estrojeni hapa si kwamba itakuongezea ITP. Ni kwamba huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Baadhi ya watu wenye chembe sahani chache, hasa wenye lupasi, wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi (aina ya mafuta yaliyo kwenye kuta za seli), kingamwili ambazo kwa namna ya kushangaza huleta kuganda kwa damu ingawa chembe sahani ziko chini. Mtu wa namna hiyo hapaswi kupewa vidonge vyenye estrojeni. Basi kabla ya kuvikubali, uliza kama umepimwa kingamwili hizo. Kama huna, na huna sababu nyingine ya kuganda kwa damu, mjadala unakuwa mwepesi zaidi. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba vidonge hivyo havikuongeza milipuko ya ugonjwa kwa wanawake wenye lupasi iliyotulia, jambo linalopaswa kumtuliza ndugu yetu Mwanga aliyeiona estrojeni kuwa adui.

Zipo njia zisizo na estrojeni: kitanzi chenye levonojestreli, ambacho hufanya kazi zaidi ndani ya mji wa mimba, vidonge vya norethisteroni, na asidi ya traneksamiki, ambayo si homoni bali huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Epuka aspirini na ibuprofeni kwa maumivu ya hedhi, maana hudhoofisha chembe sahani chache ulizonazo. Sindano za msulini nazo zizungumzwe kwanza na daktari ikiwa hesabu iko chini sana.

Subira_N anauliza tena

Nawashukuru sana, nimeelewa kwamba nilikuwa nauliza swali moja kuhusu vitu vinne tofauti. Nitaomba vipimo vya TSH na vya kingamwili dhidi ya fosfolipidi, na nitawakutanisha madaktari wangu kwa barua. Limebaki moja ambalo sikuthubutu kuliandika mwanzoni. Mimi na mume wangu tunatamani mtoto. Ikiwa homoni huamsha kinga, je, ujauzito, ambao ni mafuriko ya homoni, hautaniua au kumwua mtoto?

Jibu la Dkt_Mshipa

Dada Subira, ni vizuri umeliandika. Wanawake wengi wenye ITP hubeba mimba na kujifungua salama, na ugonjwa wenyewe haupaswi kuchukuliwa kama katazo la kuzaa.

Wakati wa ujauzito, hesabu ya chembe sahani hushuka kidogo hata kwa baadhi ya wanawake wasio na ugonjwa wowote, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa mwenye ITP yaweza kushuka zaidi, hivyo hupimwa kwa karibu kadiri siku za kujifungua zinavyokaribia. Danazoli hairuhusiwi kabisa, na dawa za kuamsha kipokezi cha trombopoietini kwa kawaida huepukwa. Hutumika prednisoloni kwa dozi ndogo kadiri inavyowezekana, kwani kondo la nyuma huigeuza sehemu kubwa ya dawa hiyo kabla haijamfikia mtoto, tofauti na deksamethasoni, steroidi nyingine, ambayo hupita. Au hutumika immunoglobulini, yaani kingamwili kutoka kwa wachangiaji damu, inayotolewa kwa mshipa. Kwa kujifungua, madaktari hupenda hesabu iwe 50,000 au zaidi, na kwa ganzi ya uti wa mgongo wengi hutaka ifike angalau 70,000. Njia ya kujifungua huamuliwa kwa sababu za ukunga na si kwa ITP peke yake.

Kinachovuka kwenda kwa mtoto si ugonjwa bali kingamwili zako, nazo huisha mwilini mwake baada ya wiki au miezi michache. Takribani mtoto mmoja katika kumi huzaliwa na chembe sahani chini ya 50,000, na kutokwa na damu kwa hatari ni nadra. Hesabu yako haitabiri vizuri hesabu ya mtoto, kwa hiyo damu ya kitovu hupimwa anapozaliwa, kisha vipimo hurudiwa hata kama cha kwanza ni kizuri, kwa sababu hesabu ya mtoto huwa chini kabisa kati ya siku ya 2 na ya 5. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uliza ni lini na wapi kipimo hicho cha pili kitafanyika. Nawe mwenyewe ukipata michubuko mikubwa isiyoelezeka katika miezi ya baada ya kujifungua ilhali chembe sahani ni za kutosha, omba kipimo cha muda wa damu kuganda, maana kipindi hicho ni miongoni mwa nyakati ambazo kingamwili dhidi ya kigandishi cha nane, protini mojawapo inayogandisha damu, hujitokeza kwa wanawake wachache, na hali hiyo hutibiwa kwa njia nyingine kabisa.

Danazoli uiache kwanza, kwa makubaliano na daktari wako, kabla ya kuanza kutafuta mimba.